Muuguzi anataka uzamili wa uongozi wa huduma za afya: aanzie wapi?

BARUA

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni afisa muuguzi, umri miaka 36, katika kituo cha afya cha Serikali wilayani Chamwino. Nina shahada ya uuguzi, GPA 3.2. Nasimamia wodi ya wazazi, na tangu makato ya madai ya bima (fedha tunazodai ambazo mfuko wa bima hukataa kulipa) yalipoanza kuwa makubwa, mganga mfawidhi ameniweka pia kwenye timu inayokagua madai kabla hayajatumwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Fedha ya kituo inapotea kwa saini iliyosahaulika, na kwenye kikao cha bajeti tunakaa watu wa tiba watupu, hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa bajeti.

Nimeamua kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa huduma za afya, lakini kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Kwanza, wengine wananiambia nisome Afya ya Jamii, yaani MPH, kwamba ndiyo inayojulikana. Wengine wanasema nisome uongozi moja kwa moja. Tofauti ni ipi kwa mtu kama mimi?

Pili, nimepata chuo cha nje, masomo yote kwa mtandao, miezi 12, na wakala wao anasema nikilipa ada ya usajili kabla ya mwezi kuisha napata punguzo la theluthi moja. Anasema sihitaji kuacha kazi wala kuandika tasnifu.

Tatu, nilimgusia afisa utumishi, akajibu kwa mdomo tu: "Hakuna shida sista, wewe anza." Inatosha?

Nne, nikimaliza nitapanda mshahara? Naweza kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au Katibu wa Afya?

Tano, na hili ndilo linalonitisha: wenzangu wawili walimaliza mitihani yote wakakwama kwenye tasnifu. Mmoja ameacha kabisa. Nifanyeje nisiwe wa tatu?

Nina watoto wawili shule ya msingi na mkopo mmoja wa benki. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume.

Ni mimi,
Sista wa Wazazi, Chamwino

MAJIBU

Dada yetu wa Chamwino,

Tuanze na la chuo cha nje, kwa kuwa wakala anakuharakisha. Usilipe mwezi huu. Hatusemi chuo hicho ni feki. Ila punguzo linaloisha tarehe 30 ni mbinu ya kuuzia vitenge, na cheti hiki utakibeba hadi ustaafu.

Miezi 12 yenyewe si dosari. Uingereza uzamili wa muda wote ni mwaka mmoja, krediti 180. Hapa kwetu nako Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kujisomea, kazi za vikundi, mitihani na tasnifu. Jumla ni saa 1,800. Zigawanye kwa wiki 52 unapata saa 34 na ushei kila wiki, juu ya zamu zako. Kwa miezi 18, yaani wiki 78, ni saa 23 kwa wiki. Kwa miaka miwili ni 17. Sasa, anayekuambia utamaliza kwa mwaka mmoja huku unazunguka zamu za usiku, bila tasnifu, ama krediti zake hazifiki 180, ama anajua wengi watashindwa njiani na ada ya usajili hairudi.

Mwandikie wakala barua pepe, si ujumbe wa simu, umuulize mambo manne: chuo kimesajiliwa na mamlaka gani ya nchi yake, programu ina krediti ngapi, kama kuna tasnifu au mradi wa utafiti, na kama programu hiyo ya mtandao imepewa ithibati kwa jina lake, maana usajili wa chuo na ithibati ya programu ni vitu viwili. Majibu hayo yapeleke TCU kabla ya kutoa hata shilingi. Tuzo ya nje hufanyiwa tathmini na TCU baada ya kuhitimu, kwa maombi na ada yake, na mwajiri wa Serikali atakudai barua hiyo. Kukosa tasnifu kutakuuma zaidi siku utakapotaka uzamivu au kazi ya kufundisha chuoni.

Sasa MPH au uongozi. Watu hujibu swali hili kwa kuangalia jina la chuo, wakati ungeanzia kwenye meza unayotaka kukaa. MPH imejengwa juu ya magonjwa katika jamii: epidemiolojia, takwimu za afya, afya ya mazingira, uhamasishaji, na sehemu ya sera na uongozi. Inampeleka mtu kwenye miradi ya chanjo, malaria, lishe, ufuatiliaji wa milipuko. Uzamili wa uongozi wa mifumo ya afya umejengwa juu ya taasisi: fedha, rasilimali watu, ugavi wa dawa, mipango, ubora wa huduma, sheria. Wewe kilichokufumbua macho ni makato na kikao cha bajeti. Kwa maelezo yako tungekupeleka kwenye uongozi, na tungesita tu kama ungetuambia shauku yako ni kazi za mashirika ya miradi, kwa sababu huko matangazo mengi ya kazi bado yanataja MPH kwa jina.

Mzumbe wana uzamili wa uongozi wa mifumo ya afya na mwingine wa ufuatiliaji na tathmini ya afya. Muhimbili, MUHAS, wana MPH na uzamili wa sera na uongozi wa afya. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, iko mlangoni kwako: ina Shule ya Uuguzi na Afya ya Umma, na upande wa biashara ina MBA. Chuo Kikuu Huria kina kituo Dodoma kwa anayetaka kusoma kwa masafa. Usichague kwa kijitabu cha mwaka juzi. Programu hufunguliwa na kusimamishwa, na aina ya masomo (kutwa, jioni, wikiendi, masafa) hubadilika mwaka hadi mwaka. Piga simu kurugenzi ya masomo ya uzamili uulize kama mwaka huu wanapokea, na kama darasa la jioni litafunguliwa kwa kweli au litasubiri idadi ya wanafunzi itimie. Hilo la pili limewaacha watu wengi na barua ya udahili isiyo na darasa.

Treni ya SGR imeifanya Morogoro iwe karibu kuliko zamani, lakini Mzumbe haiko Morogoro mjini. Kampasi kuu iko nje ya mji, barabara ya Iringa, kwa hiyo hesabu usafiri wa pande zote mbili kabla hujajiambia utakwenda na kurudi.

GPA yako haina tatizo. Kizingiti cha kawaida ni 2.7. Anayepungukiwa hupitia stashahada ya uzamili kwanza, wewe huhitaji.

Kama ndani yako bado unaipenda wodi ya wazazi kuliko madai na bajeti, kuna uzamili wa ukunga, na huo unakuacha ndani ya taaluma yako moja kwa moja. Tunalitaja kwa sababu wauguzi wengi hukimbilia uongozi kwa kuchoka zamu, na kuchoka zamu kunatibika kwa njia fupi zaidi.

Kuhusu cheo na mshahara tutakuambia bila kukupaka mafuta. Cheti hakipandishi mshahara. Kinachopandisha ni Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako, muda uliotumikia, tathmini ya utendaji, na nafasi iliyotengewa fedha kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari. Uzamili wa uongozi hautakufanya uwe yeye hata ungepata alama za juu kabisa. Ndani ya uuguzi njia yako ni kusimamia hospitali nzima kama matroni, kisha Muuguzi Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Hizo ni nafasi za uteuzi, na hapo shahada hii inakuongezea uzito.

Katibu wa Afya ni kada nyingine, yenye muundo wake. Kuingia huko ni kubadilishiwa kada, na hakufanyiki kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupenda. Panahitajika sifa zinazotajwa kwenye muundo, nafasi wazi kwenye ikama, na kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi. Kabla hujachagua programu, mwombe afisa utumishi akuoneshe muundo wa Makatibu wa Afya na usome mwenyewe mstari wa sifa za kuingilia. Angalia kama unataja fani kwa majina, na kama kinachohitajika ni shahada ya kwanza ya fani hiyo au hata uzamili unakubalika. Uliza pia utaanzia daraja gani. Mtu anaweza kuingizwa daraja la chini la kada mpya akabaki na mshahara binafsi, yaani ule aliokuwa akilipwa kwenye kada ya zamani. Hapotezi shilingi siku hiyo, lakini safari yake ya kupanda inaanza upya, na mbele yako kwenye tange, yaani orodha ya ukuu kazini, kutakuwa na vijana wa miaka 27.

Nje ya Serikali mambo ni tofauti. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi huajiri watawala wa hospitali kwa mkataba, na wanachouliza kwenye usaili ni kama unajua kusoma taarifa ya mapato na matumizi, kama umewahi kupunguza makato, kama unaweza kukaa na daktari bingwa mkabishana kuhusu bajeti ya vipimo. Uzoefu wako wa timu ya madai una bei huko. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inazidi kusukuma vituo kwenye mapato ya bima, kwa hiyo ujuzi huo hautapungua thamani.

"Wewe anza" ya mdomo haitoshi. Afisa utumishi anahamishwa, na anayekuja hana kumbukumbu ya mazungumzo yenu ya korido. Mtumishi asiyekuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa anakuwa na kosa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha kazi, na "nilikuwa chuo" si utetezi. Hata ukisoma jioni tu, utahitaji siku za mitihani na wiki za kukusanya takwimu.

Njia ni hii. Halmashauri huandaa mpango wa mafunzo wa watumishi wake, na jina lako linatakiwa liwemo kabla ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha kufungwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi huanza miezi mingi nyuma, kwa hiyo anayeomba mwezi wa sita amechelewa mwaka mzima. Andika mapema, hata kabla hujapata udahili. Barua yenyewe iwe fupi namna hii:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.
K.K.: Mganga Mkuu wa Wilaya.
K.K.: Mganga Mfawidhi, Kituo cha Afya.
YAH: OMBI LA KUINGIZWA KATIKA MPANGO WA MAFUNZO WA MWAKA WA FEDHA UJAO
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Afisa Muuguzi (cheo, namba ya hundi), niliyethibitishwa kazini tarehe … Naomba kuingizwa katika mpango wa mafunzo kwa ajili ya Shahada ya Uzamili ya … katika Chuo … kwa utaratibu wa … (jioni, kutwa au masafa), muda wa miezi … Ada nitajilipia mwenyewe. Mafunzo haya yanahusiana na majukumu yangu ya sasa ya kusimamia wodi na kukagua madai ya bima ya kituo.

Sentensi ya "ada nitajilipia mwenyewe" hufungua milango mingi, maana mara nyingi kinachomzuia Mkurugenzi ni fedha. Iandike tu kama ni kweli. Kila anayepitisha aweke maoni na sahihi yake juu ya barua ileile, na wewe ubaki na nakala yenye muhuri wa masjala. Udahili ukitoka, andika barua ya pili ya kuomba ruhusa ya masomo, ukiambatanisha barua ya chuo na ratiba. Ukipewa ruhusa ya kutwa yenye mshahara, tarajia kutia saini mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda fulani. Usome. Ukiuvunja unarejesha gharama.

Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiishe muda ukiwa masomoni. Watu husahau.

Tasnifu sasa, na hapa tutakaa.

Wenzako hawakukwama kwa kukosa akili. Katika mitihani mtu anasukumwa na ratiba ya chuo. Kwenye tasnifu hakuna anayemsukuma, msimamizi ana wanafunzi wengi, na mada aliyoichagua haina mwisho. "Tathmini ya mambo yanayoathiri ubora wa huduma za afya Tanzania" ni mada ya wizara nzima, na haiandikiki na mtu mmoja mwenye wodi. Mada inayokamilika ina kitu kimoja kinachopimika, mahali palipotajwa, na kipindi kilichofungwa. Wewe tayari unayo: sababu za makato ya madai ya bima katika vituo vya afya vitatu vya wilaya moja, kwa miezi 12 ya mwaka fulani wa fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kimedai 9,600,000, kimelipwa 8,112,000. Makato ni 1,488,000, asilimia 15.5. Kikao cha kituo hukomea hapo, watu wakalaumiana. Tasnifu inaanzia hapo. Unachukua kila dai na kulijazia mstari mmoja kwenye jedwali: namba ya siri badala ya jina la mgonjwa, mwezi, idara iliyolijaza, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichokatwa, aina ya dosari, na kama kituo kilikata rufaa kikarejeshewa. Aina za dosari zipange kabla hujaanza: saini ya mtoa huduma au ya mgonjwa haipo, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa, kipimo kimedaiwa bila majibu, bei si ya orodha ya mfuko, namba ya idhini haipo, hesabu imejumlishwa vibaya. Dai moja likiwa na dosari mbili, amua mapema kama utahesabu zote au ile iliyokata fedha nyingi zaidi, uandike uamuzi huo kwenye sura ya mbinu. Usipoandika, mtahini atakuuliza na utababaika.

Katika tasnifu nyingi za hapa nchini utakutana na namba 384. Inatoka kwenye kanuni ya sampuli: 1.96 mara 1.96 mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.0025. Uhakika asilimia 95, kosa asilimia 5, kiwango kinachodhaniwa asilimia 50. Wanafunzi huinakili bila kufikiri, mpaka mtu anaandika atahoji wafanyakazi 384 wa kituo chenye watumishi 60. Kundi likiwa dogo unarekebisha: 384 gawanya kwa 1 jumlisha 383/60, unapata 52. Kwa madai 900 ya vituo vyako vitatu, ni 384 gawanya kwa 1 jumlisha 383/900, unapata 270. Ukichukua kila dai la tatu, ukianza na namba uliyoibahatisha kati ya 1 na 3, unafikia 300, na zile 30 za ziada zinafidia karatasi zisizosomeka.

Tahadhari moja ambayo kamati ya maadili itaiona haraka kuliko wewe: huwezi kukagua madai uliyoyakagua mwenyewe kazini ukayaita utafiti. Ama chagua vituo vingine, ama cha kwako kichukuliwe takwimu na mtu mwingine asiye kwenye timu ya madai. Na ukihoji wauguzi unaowapangia zamu, watakujibu unachotaka kusikia.

Takwimu za karatasi nazo zinahitaji kibali cha maadili, hata kama hutaongea na mgonjwa yeyote, kwa sababu fomu ina ugonjwa wake. Kibali huanzia kamati ya chuo, na muulize msimamizi kama utafiti wako utahitaji pia kupita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Baada ya hapo ndipo msururu wa utawala: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya mkoa kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mganga mfawidhi wa kila kituo. Ukiruka ngazi moja unarudishwa mwanzo. Kila ngazi inaweza kula wiki, kwa hiyo peleka andiko lako la utafiti kwenye kamati wakati bado unasoma muhula wa mwisho wa darasani, usingoje mitihani iishe. Pengo kati ya mtihani wa mwisho na kibali ndipo wengi hupotelea: wanarudi kazini, zamu zinawameza, msimamizi anawasahau.

Panga kwenda vituoni kati ya Julai katikati na Oktoba. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba mpaka Aprili, na barabara za baadhi ya vijiji vya Chamwino hapo hazina urafiki na bodaboda. Mwisho wa Juni epuka, watu wanafunga mwaka wa fedha. Wiki ya kwanza ya kila mwezi pia epuka: wanaohusika na takwimu wanafunga ripoti za MTUHA (takwimu za huduma za kituo) ziingie DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, hawatakutazama usoni.

Kazi za darasani zitumie kuichambua shida hiyohiyo. Somo la fedha likitaka andiko, andika kuhusu vyanzo vya mapato vya kituo cha afya: malipo ya papo kwa papo, bima, na fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Somo la ubora likitaka andiko, andika kuhusu ukaguzi wa madai kabla ya kutumwa. Ukifika kwenye tasnifu, nusu ya sura ya pili umeshaisoma. Kuhusu wale wanaotangaza kukuandikia tasnifu kwa malipo, mbali na kwamba ni kosa la kukufutia shahada, siku ya utetezi wao hawaingii na wewe chumbani.

Fedha. Ada inatofautiana, chukua muundo wa ada wa mwaka husika kutoka chuoni. Juu yake weka ada ya udhibiti ubora ya TCU, 20,000 kwa mwaka, usajili, uchapaji na ujalidi wa tasnifu, usafiri wa vituoni, na posho ya mtu wa kukusaidia kukusanya takwimu. Una kadi ya NHIF ya mtumishi, kwa hiyo usilipie bima ya mwanafunzi: peleka nakala ya kadi siku ya usajili. Vyuo hupokea ada kwa awamu, kwa namba ya malipo ya Serikali. Hakuna haja ya kukopa yote siku moja.

Mkopo wa benki unao tayari, na sheria inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Angalia hati yako ya mshahara kama bado una nafasi. Ukikopa SACCOS milioni 3 kwa miezi 18, riba asilimia 1 kwa mwezi, uliza kama inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote. Ya kwanza, ukirejesha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, utalipa riba 285,000. Ya pili ni 540,000. Asilimia ni ileile, na karani hatakuambia usipouliza. Usikope kwa hesabu ya mshahara utakaopanda ukihitimu. Sababu tumeshazieleza.

Mwisho, majina. Omba udahili kwa majina yaliyo kwenye vyeti vya shule na vya shahada ya kwanza, kwa sababu cheti cha uzamili kitafuata hayo. Tofauti na jina la NIDA na la ajira iwe na karatasi inayoieleza: hati ya kubadili jina iliyosajiliwa ndiyo yenye nguvu, kuliko kiapo cha mahakamani peke yake. Muulize afisa utumishi faili lako lina ipi, kwa kuwa huenda uliwasilisha moja ulipoajiriwa. Kama haipo, ianze sasa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana mifumo ya udahili inasoma namba ya mtihani wa kidato cha nne na kulivuta jina lenyewe, na ukishaingia kwa jina moja, kulibadilisha katikati ya masomo ni barua juu ya barua.